Jeli ya mashavuni: mwogope anayekuahidi maisha

Swali: "Daktari, asalaam aleikum. Naandika kutoka Bombo, Uganda, nina miaka 51. Binti yangu wa pili anaolewa baada ya wiki tano na mimi ndiye mama wa harusi, picha zote nitakuwemo. Tangu mwaka juzi mashavu yangu yamezama, na mikunjo miwili ya kutoka puani hadi pembe za mdomo imechimbika mpaka watu wananiuliza nimekasirikia nini. Kuna dada anayekuja saluni moja ya Wandegeya, Kampala, kila Jumamosi, anachoma sindano za kujaza uso. Anataka shilingi 350,000 kwa uso mzima, na anasema yake inadumu maisha, si kama zile za kliniki zinazoisha. Niende? Na hiyo dawa haina nguruwe ndani yake?"

Jibu:

Waaleikum salaam, mama wa harusi, na hongera. Usiende kwa huyo dada. Nimelisema mapema ili hata ukiitwa jikoni sasa hivi uwe umeondoka na lililo kubwa. Ukirudi, nitakueleza kwa nini, maana swali lako lina mambo zaidi ya lile uliloliuliza.

Saluni yenyewe haikunishtua sana, ingawa uso hauchomwi sindano kwenye kiti cha kusukia nywele. Lililonishtua ni maneno mawili: "inadumu maisha." Yeye anayatumia kuuza. Mimi nikiyasikia naanza kuuliza ndani ya hilo bomba la sindano mna nini.

Jeli ambayo madaktari wengi tunaitumia leo imetengenezwa kwa asidi ya hialuroniki. Jina linatisha, lakini kitu chenyewe unacho mwilini tangu kuzaliwa: kimo ndani ya ngozi, kwenye maungio ya magoti, hata ndani ya jicho. Ni kwenye jicho la ng'ombe ndiko Karl Meyer na John Palmer walikoitoa kwa mara ya kwanza, huko New York mwaka 1934. Kazi yake ni kushika maji, na ngozi iliyoshika maji hujaa. Ubaya ni kwamba ukiichoma ikiwa ya asili vile vile, mwili unaimaliza ndani ya siku chache. Kwa hiyo kiwandani nyuzi zake hufungwa moja kwa nyingine. Wewe wa Bombo, kwenye wasukaji wa makapu, hili utalielewa kuliko wanafunzi wangu: jani moja la ukindu halishiki hata punje ya mchele, lakini ukishalisuka na wenzake umepata kapu. Jeli iliyosukwa hivyo hukaa miezi 6, 12, pengine 18, kutegemea aina yake na mahali ilipowekwa. Midomo huimaliza haraka kwa sababu haitulii. Mashavu hukaa nayo zaidi. Halafu mwili unaifumua kidogo kidogo mpaka inakwisha.

Sasa rudi kwa dada wa Wandegeya. Kama yake inadumu maisha, basi si hii. Huenda ni hii na anakudanganya kuhusu muda, na hilo ndilo afadhali. Huenda pia ni silikoni ya majimaji, kitu ambacho Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani haijakiidhinisha kuchomwa usoni kwa ajili ya urembo, lakini kinauzwa sehemu nyingi za dunia kwa majina ya kuvutia.

Tamaa ya kujaza mwili kwa kitu kisichoondoka ni ya zamani. Mwaka 1899 daktari wa Vienna aliyeitwa Robert Gersuny alianza kuwachoma wagonjwa mafuta mazito ya petroli, ndugu wa haya tunayopaka watoto baada ya kuoga. Mwanzoni matokeo yalipendeza, na wengine wakaiga, wakachoma nta ya mshumaa kwenye pua na mashavu. Baada ya miaka, mafuta yakahama yalipowekwa, mwili ukayazingira, yakawa mabonge magumu, mengine yakapasuka na kutoa usaha. Mwili haujabadili tabia yake tangu hapo. Kitu kigeni kisichoyeyuka hukaa nacho kama jirani asiyempenda: unaweza kunyamaza miaka mitano, kisha siku moja ukaumwa jino au mafua makali, na ugomvi ukaanza.

Nimewahi kumhudumia mama aliyechomwa nje ya nchi kitu cha "kudumu" kwenye mikunjo kama yako. Alikaa vizuri kwa karibu miaka minne. Alipofika kwangu alikuwa na vifundo vigumu pande zote mbili za mdomo, ukivishika ni kama mbegu za fenesi chini ya ngozi. Hakujua alichomwa nini, maana hakuonyeshwa boksi. Kama ni silikoni, hiyo haiyeyushwi na dawa yoyote. Kuna kupasua, na kupasua usoni kunaacha kovu na bado hakutoi yote. Tulivipunguza uvimbe kwa dawa. Vifundo bado anavyo.

Ili niwe mkweli, ipo jeli ya kudumu iliyoruhusiwa rasmi: ina vipunje vidogo mno vya plastiki, na Marekani iliikubali mwaka 2006 kwa mikunjo ya pembeni mwa mdomo. Hata hiyo mimi siichomi. Uso wako wa miaka 61 hautakuwa huu. Mfupa wa shavu utapungua, mafuta yatashuka, lakini plastiki itabaki pale pale ilipowekwa harusini.

Uzuri wa jeli ya hialuroniki ni kwamba ina dawa ya kuifumua. Inaitwa hialuronidasi, ni kimeng'enya kinachokata zile nyuzi. Kikichomwa mahali jeli ilipo, huanza kazi upesi, na ndani ya siku moja au mbili kapu limekuwa ukindu tena. Nikikosea, naweza kurudisha. Usipoipenda, naweza kuitoa. Ndiyo maana swali la kwanza ukiingia kliniki yoyote lisiwe bei. Uliza: "Hialuronidasi ipo humu chumbani, sasa hivi? Nionyeshe." Ikiwa iko duka la dawa la ng'ambo ya barabara, au itaagizwa, shukuru na uondoke.

Nitakueleza kwa nini nasisitiza humu chumbani, na hapa nisome taratibu. Uso una mishipa mingi ya damu, na ateri kubwa ya uso hupita karibu kabisa na huo mkunjo unaotaka ujazwe, ikipanda pembeni mwa pua kuelekea jichoni. Matawi yake yameungana na yale yanayolisha jicho. Ncha ya sindano ikiingia ndani ya mshipa na jeli ikasukumwa kwa nguvu, inaweza kuziba damu ya ngozi, na ngozi hiyo ikafa. Inaweza pia kurudi nyuma hadi mshipa wa jicho. Retina, utando wa ndani ya jicho unaopokea mwanga, ikikosa damu huanza kufa ndani ya dakika 90 au chini ya hapo, na upofu wa namna hiyo kwa kawaida hauponi. Jambo hili hutokea kwa nadra sana, lakini halimbagui daktari bingwa. Tofauti ya bingwa ni kwamba anajua mishipa inapita wapi, anasukuma polepole na kwa kiasi kidogo, mara nyingi kwa sindano butu iitwayo kanula, na mkono wake uko karibu na dawa ya kufumua. Sehemu za hatari kuliko zote ni katikati ya nyusi, pua na paji la uso. Mkunjo wako unafuata.

Dalili zake ni maumivu makali ghafla yasiyolingana na kuchomwa, ngozi kupauka, kisha kuwa na madoa kama wavu wa samaki, na kwa jicho, giza au ukungu papo hapo. Vitabu vingi viliandikwa kwa ngozi nyeupe, ambako kupauka huonekana hata na mlinzi wa getini. Kwenye ngozi yetu kunajificha. Mimi huinua mdomo nikatazama ufizi na nyama ya ndani, hubonyeza ngozi na kuangalia rangi inarudi kwa muda gani, na hulinganisha upande huu na ule. Anayekuchoma asipofanya hivyo, anangoja ngozi imwambie kwa lugha isiyoisema. Na ukipata dalili hizi baada ya kufika nyumbani, usingoje asubuhi wala usikandekande kwa barafu. Barafu inabana mishipa zaidi. Rudi usiku huo huo.

Sasa tuje kwenye uso wako mwenyewe, maana hapo ndipo barua yako ilinifanya niweke kalamu chini kidogo.

Sisi wenye ngozi nyeusi tuna bahati ya melanini, ile rangi ya ngozi. Jua la hapa Uganda, nchi inayopitwa na ikweta, lingetukunja mapema, lakini melanini inalipunguza makali. Mikunjo midogo midogo kama ya karatasi hutufikia tukiwa tumechelewa. Kinachotufikia kwanza ni kushuka: mafuta ya shavu yanapungua na kuteremka, mfupa ulio chini unajivuta, na ngozi iliyobaki bila egemeo inajikunja pembeni mwa mdomo. Kwa hiyo mkunjo unaouona kwenye kioo mara nyingi ni matokeo tu. Daktari anayeujua mzigo huu huweka jeli juu, kwenye shavu, na mkunjo wa chini ukapungua wenyewe. Anayeujaza mkunjo peke yake mpaka usawazike hukuachia uso kama wa mtu aliyeficha mandazi mdomoni. Na hapa Botox haitakusaidia. Hiyo hulegeza misuli, inafaa mikunjo ya paji na katikati ya nyusi, na huisha kwa miezi mitatu au minne. Watu huchanganya vitu hivi viwili kila siku.

Lakini umeandika kwamba mashavu yamezama tangu mwaka juzi. Uzee hauna haraka hiyo. Je, umepungua kilo? Nguo yako, gomesi au gurbaba, inakuzidi? Kisukari, kifua kikuu, tezi ya shingoni, na virusi vya Ukimwi vyote vinaweza kula mashavu. Sikushuku lolote, mama. Nauliza kwa sababu tumbo mtu hulifunika kwa nguo, uso hauna pa kufunikwa, na mara nyingi ndio unaotangulia kusema.

Watu wa rika letu hawajasahau. Miaka ile dawa za kupunguza makali ya virusi zilipoanza kuwafikia watu wengi, vidonge vingi vilikuwa na stavudini. Viliokoa maisha, lakini vilikausha mafuta ya uso, na mtu akawa anasomwa ugonjwa wake akishuka tu kwenye teksi. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2009 kwamba stavudini iachwe hatua kwa hatua. Na ni nyuso hizo zilizoifanya Marekani, mwaka 2004, iruhusu sindano ya asidi ya polilaktiki, inayouchochea mwili utengeneze polepole kolajeni yake, ile protini inayoshikilia ngozi. Kwa hiyo anayesema sindano hizi zote ni anasa za wenye pesa hajui zilivyowarudishia wengine uso wa kutembea nao sokoni. Ila hiyo polilaktiki haifumuliwi na hialuronidasi, na huchukua miezi kuonekana. Kwa harusi yako haifai.

Swali jingine utaliona la ajabu kutoka kwa daktari wa ngozi: umebakiwa na magego mangapi? Jino la nyuma liking'olewa, mfupa uliolishika huanza kuliwa, na shavu hukosa ukuta wa kuegemea. Nimewaona kina mama waliokuja kutafuta jeli nikawaelekeza kwa daktari wa meno, na meno ya bandia yakawajaza mashavu kuliko bomba lolote ambalo ningewachoma. Hiyo si dawa ya kila mtu, lakini ni ya kwanza kuangalia. Jino bovu lina sababu nyingine pia: vijidudu vyake vinaweza kusafiri kwa damu na kutua kwenye jeli mpya. Ndiyo maana tunataka wiki mbili kati ya kazi ya meno na sindano, iwe kabla au baada.

Piga hesabu sasa. Una wiki tano. Vipimo na meno vinakula mbili au tatu. Baada ya sindano uso unaweza kuvimba na kuvilia damu kwa wiki moja, wengine mbili, na jeli huhitaji hizo hizo mbili kutulia kabla hatujajua kama upande mmoja umezidi. Kwa mara ya kwanza mimi hupenda mtu awe na mwezi mzima mbele yake. Inawezekana kukubana katikati, lakini sipendi kukimbiza uso kwa ajili ya picha. Ningekuwa kaka yako ningekuambia tuifanye baada ya harusi, huku umetulia.

Kuna jambo linalonifanya nisiharakishe ngozi nyeusi hasa. Alama ya kuvilia damu, hata ya sindano ndogo, inaweza kuacha doa jeusi linalokaa miezi. Tukipunguza matundu tunapunguza madoa. Kama una kovu linalovimba, la tundu la sikio au la chanjo, litaje mapema, ingawa sindano nyembamba hivi ni nadra kuleta kovu la namna hiyo. Na kama unapaka mkorogo, niambie bila haya. Krimu zenye steroidi hukondesha ngozi, nayo ngozi iliyokonda hupata michubuko upesi na jeli iliyowekwa juujuu huonekana kama uvimbe. Aspirini unayomeza kwa sababu yako mwenyewe itaje pia. Ile uliyoandikiwa kwa ajili ya moyo usiiache bila kumuuliza aliyekuandikia.

Kuhusu bei, hesabu ya yule dada hainiingii. Bomba moja huwa na mililita moja. Kijiko cha chai ni mililita tano. Uso uliozama kama unavyoueleza hutaka mabomba mawili hadi manne, yaani bado hatujajaza kijiko, na kila bomba la kampuni inayojulikana lina gharama yake kabla mtu hajavaa glavu. Anayeahidi uso mzima kwa 350,000 ama anagawa bomba moja kwa watu wawili, jambo ambalo ni njia ya kupeana homa ya ini na virusi, ama bomba lake limetoka pasipojulikana. Boksi lifunguliwe mbele yako, usome jina, namba ya toleo na tarehe ya mwisho, upige picha kwa simu. Ile stika ndogo ya ndani ya boksi hubandikwa kwenye faili lako, na unaruhusiwa kuidai moja. Kama yule mama wa vifundo angekuwa nayo, ningeokoa miezi. Daktari wa Uganda husajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, na leseni yake ya kutibu huhuishwa kila mwaka. Itazame ya mwaka huu. Daktari mwenye nayo hakasiriki ukiiulizia.

Usije ukakwepa sindano ukanunua ile kalamu ya mtandaoni inayosukuma jeli kwa shinikizo bila sindano. Marekani ilitoa onyo juu yake mwaka 2021, na sababu ni rahisi: hakuna anayejua jeli inatua kina gani, na mishipa ya damu haijali kama aliyeiziba alitumia sindano.

Nguruwe. Jeli nyingi za hialuroniki za leo hutengenezwa na bakteria wanaokuzwa kwenye matangi, hazitokani na mnyama. Zamani haikuwa hivyo. Kolajeni iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1981 ilitokana na ngozi ya ng'ombe, ikabidi watu wajaribiwe mkononi kwanza kwa sababu ya mzio, na baadaye ikaja iliyotokana na nguruwe. Kwa hiyo soma boksi au mwombe daktari akusomee asili yake. Kama kubadili sura kwa jeli kunafaa au hakufai, hilo mpelekee shehe wako, mimi sina kofia hiyo.

Anza Jumatatu: pima sukari, presha, kilo, na vile vipimo vingine nilivyovitaja, kisha umwone daktari wa meno. Ukija kwangu au kwa mwenzangu, leta picha yako ya miaka kumi iliyopita, isiwe ya pasipoti, iwe ile unayocheka. Hiyo ndiyo ramani yetu, hatutafuti uso wa mtu mwingine. Na kwa siku ya harusi yenyewe, mwambie mpiga picha asikuweke chini ya taa ya dari wala jua la saa sita. Mwanga wa juu huchimba mikunjo mara mbili. Mwache akuweke ukitazama dirisha au mlango ulio wazi, shingo imenyooka, na kitambaa cheupe mapajani kirudishe mwanga usoni. Ukiniletea picha hizo baada ya harusi, tutaona pamoja kama bado unaihitaji hiyo jeli.